Baga ya Mbaazi na Sahani Nyeupe

Mama mwenye mgahawa hakuwa na tabia ya kumuuliza mteja kama chakula ni kizuri. Alingoja sahani zirudi jikoni. Sahani iliyorudi na mchuzi ilimwambia kwamba chumvi imezidi. Iliyorudi na nusu ya ugali ilimwambia kwamba mteja ana mawazo, au ugali haukuiva. Iliyorudi nyeupe ilimwambia aendelee vilevile kesho. Yeye mwenyewe hakuonja kitu kikiwa bado jikoni. Alilelewa milimani, upande wa Mbulu, na bibi aliyeamini kwamba mpishi anayeonja ni mdokozi aliyejipatia kisingizio. Alipima kwa macho na kwa pua. Kwa wali, maharage na nyama ya kukaanga, njia hiyo haikumwangusha, na ndiyo maana tulikula kwake.

Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya mkoa wetu mpya. Sisi wa ofisini tulikuwa tumehamishiwa Babati kutoka kila upande wa nchi, tukafanya kazi katika nyumba za kupanga ambazo vyumba vyake vya kulala viligeuzwa idara. Mimi nilitoka Bukoba. Nilipanga chumba Nangara, na mchana nilitembea hadi Bagara kwenye mgahawa huo, uliokuwa na mabenchi manne, meza mbili ndefu na pazia la kitenge lililotenganisha walaji na jiko. Barabara kuu ilikuwa bado ya vumbi. Basi la Singida likipita, kila mtu alifunika sahani yake kwa kiganja, akangoja, kisha akaendelea kula.

Mama alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, kaka wa marehemu alimtaka arudi milimani kwenye shamba la ukoo. Hakumtaka kwa ubaya. Kwa maelezo yake, mwanamke aliyefiwa hawezi kukaa mjini peke yake akipikia wanaume wa barabarani, tena mgahawa wenyewe una watu siku moja na siku tatu hauna. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alipokuja mara ya kwanza alikuta mabenchi matupu na nzi. Akamwambia atakuja tena baada ya mavuno, na safari hiyo atakuja na gari la kubebea vyombo. Akikuta mgahawa una watu, atamwachia. Akikuta hauna, watapakia.

Mama alitusimulia jambo hilo mara moja tu, akiwa anapanga vijiko, na hakulirudia. Lakini tangu siku hiyo sisi wateja wa kudumu tuliacha kukosa chakula cha mchana.

Basi mwezi wa saba ofisini kwetu ikaja habari ya semina ya wakulima wa mbaazi. Wakulima wangetoka Sigino na vijiji vya jirani, na wakufunzi wawili wangetoka nje ya nchi, mwanamke na mwanamume. Mkuu wangu aliniita akaniambia nitafute mahali pa chakula cha mchana kwa watu wote hao, kwa muda wote wa semina. Kulikuwa na sharti moja. Wakufunzi hawali nyama, hawali samaki, hawali mayai, hawanywi maziwa. Walikuwa wameuliza, kwa upole, kama mjini kwetu kuna mahali wanapouza baga ya mboga.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Sikufikiria sana. Nilifikiria mabenchi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akijifuta mikono kwa aproni. Kisha akauliza wanaumwa nini.

Nikamwambia hawaumwi, ni imani yao tu.

"Hata maziwa?"

"Hata maziwa, Mama."

Alitikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeambiwa habari za watoto wa vita. Akasema atawapikia. Kisha akauliza baga ni nini.

Kwenye benchi la mwisho alikaa mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye aliwahi kufika Nairobi, Lusaka na Bujumbura na hakutuacha tusahau. Mimi aliniita Bwana Mkoa. Akasema baga anaijua, aliila Nairobi, na ni kitu chepesi: ni skonzi iliyomeza kababu. Akaonyesha kwa viganja viwili namna inavyoshikwa na namna mdomo unavyopanuliwa. Mama alitazama viganja vile kwa makini kama fundi cherehani anayetazama suti ya mteja mwingine. Akauliza kababu hiyo wataitengeneza kwa kitu gani kama nyama hairuhusiwi. Mzee akasema semina si ya mbaazi? Basi wapewe mbaazi.

Jumamosi mchana nilialikwa kuijaribu. Wakufunzi walitarajiwa Jumatatu, na shemeji mtu alikuwa ametuma salamu kwamba mavuno yamekwisha.

Nataka nieleze kwa utaratibu nilichokiona, maana hata leo nikipita mahali nikasikia harufu ya mafuta yanayokaangiwa kwa mara ya pili, nahamia upande wa pili wa barabara.

Kwanza ilikuja sahani, na juu yake skonzi iliyokatwa katikati. Ilikuwa skonzi ya kawaida ya Babati, ya rangi ya kahawia inayong'aa, tamu, ile ya kunywea chai. Ndani yake kulikuwa na jani la kabichi, duara la nyanya na kababu ya mbaazi, nene kama sabuni mpya, rangi yake kati ya kijani na kijivu. Juu palikuwa pamemwagiwa tomato sosi iliyoongezwa maji, ikashuka pembeni na kulowesha mkate wa chini. Mama alisimama kwenye pazia. Mzee alikuwa na sahani yake ya wali, akala polepole, akinitazama kama mtu anayetazama mpira.

Nikaishika kama mzee alivyofundisha, nikapanua mdomo.

Nje kababu ilikuwa ngumu na ilivunjika kwa sauti, na kwa nusu dakika nilidhani mambo yatakuwa mema. Kisha meno yakafika katikati. Katikati palikuwa panateleza. Si laini, laini ni neno jingine. Kitu kilisogea ulimini kwa hiari yake, kikapanda ufizi, kikarudi. Nilipoitoa baga mdomoni, ute ulivutika kutoka kwenye skonzi hadi kwenye mdomo wangu wa chini, uzi mmoja mrefu, mwembamba, wenye punje ya mbaazi katikati kama shanga. Nikaivuta baga mbali zaidi, uzi ukarefuka. Nikaukata kwa kidole, ukashika kidole.

"Mlenda," alisema Mama kutoka kwenye pazia, kwa sauti ya mtu anayejibu swali zuri. Alieleza kwamba mbaazi peke yake zilikuwa zinavunjika kwenye kikaango. Mayai yamekatazwa. Akanunua sokoni unga wa majani makavu ya mlenda kwa akina mama wa Kondoa, akachanganya, na sasa haivunjiki hata ukiitupa ukutani.

Mimi kwetu ni ndizi. Mlenda nilikuwa nimeuona Babati kwenye bakuli za wengine, ukimwagika kutoka kwenye tonge kama kitu kinachotoroka, na siku zote niligeuza macho. Sasa ulikuwa kinywani mwangu, ukiwa vuguvugu, pamoja na sukari ya skonzi na uchachu wa sosi. Na chini ya hayo yote kulikuwa na ladha nyingine ambayo sikuipatia jina mara moja, nzito, ya kizizini, ladha ya ngozi mbichi iliyonyeshewa.

Mahali nilipolelewa, mgeni hamrudishii mwenyeji chakula. Unakula, unashukuru, unasema umeshiba. Nikagundua kwamba nikimeza funda moja la maji mara tu baada ya kutafuna, kabla ulimi haujapata nafasi ya kufikiri, tonge linashuka. Kwa hiyo nikala hivyo: tonge, maji, tonge, maji. Maganda ya mbaazi yalibaki yamejibandika kwenye kaakaa, nikayabandua kwa ulimi, nikayamezea maji pia. Machozi yalinilengalenga. Mzee akasema, "Bwana Mkoa anaikumbuka Bukoba."

Nilimaliza. Nilipangusa hata sosi kwa kipande cha mwisho cha skonzi, ili isionekane kwamba nimeiacha. Mama alikuja, akachukua sahani, akaigeuza kidogo kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa nyeupe. Sikuwahi kuona uso wake umetulia kiasi kile. Alirudi jikoni, nikasikia mafuta yakichemka, na kabla sijapata ujanja akawa amesimama mbele yangu na ya pili.

"Nyongeza," akasema. "Kijana ana njaa."

Mzee aliinamia wali wake, mabega yakitikisika.

Ya pili sikuweza kuila kwa haraka, na ndipo nikaona. Babati mwezi wa saba ni baridi, hasa upepo unaposhuka kutoka mlima Kwaraa na kuingia mlangoni. Nilipokuwa nimeiacha baga sahanini nikijipa moyo, mafuta yaliyochuruzika pembeni yake yalianza kuganda. Yaligeuka meupe, kisha yakawa utando wenye mikunjo. Nilipitisha ulimi kwenye kaakaa langu, na huko nako nikakuta utando uleule. Sasa ile ladha ya kizizini nikaijua.

Nikamwita Mama, nikamuuliza amekaangia mafuta gani.

"Ya ng'ombe," akasema. "Nimeyayeyusha mwenyewe. Ya dukani hayana harufu."

"Mama, hao wageni hawali nyama."

"Nyama iko wapi hapo?" Aliifunua skonzi kwa kidole kunionyesha. "Nyama niliitoa yote, nikawapa wateja wa jana. Haya ni mafuta."

"Mafuta yametoka kwa ng'ombe."

"Na chumvi imetoka ziwani. Umekula samaki?"

Hapo nilimwelewa. Kwa watu wetu, nyama ni ile inayotafunwa. Mtu akisema hali nyama anapewa kuku, na akikataa kuku anapewa mchuzi, na mchuzi akiukataa watu wanauliza ana ugomvi gani na nyumba hii. Mama hakuwa na nia ya kumdanganya mtu yeyote. Lakini niliona Jumatatu mbele yangu: wakufunzi wanauliza, kama watu wa namna hiyo wanavyouliza, baga imekaangiwa nini, Mama anajibu ukweli kwa fahari, wanaweka chini, wanaondoka, chakula cha semina kinahamia kwingine, na gari la shemeji linakuta mabenchi matupu.

Nikamweleza hayo yote, taratibu, bila kuficha hata lile la mwisho. Mzee aliacha kucheka. Mama alisikiliza akitazama ile kababu. Kisha akaniuliza kama mafuta ya alizeti yanaruhusiwa, maana alizeti haina miguu. Nikasema yanaruhusiwa. Akasema atatumia alizeti, na kikaango ataazima kingine ambacho hakijaona nyama.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ute ulikuwa bado kwenye kidole changu, nikaona afadhali niseme na lililobaki.

"Mama, hata bila mafuta hayo, hiki chakula kimenishinda. Ni kibaya."

Alinitazama bila kukasirika. "Kimekushindaje? Sahani imerudi nyeupe."

"Nilikula kwa heshima."

"Heshima gani inayopangusa hata sosi?"

Mzee akaingilia kunitetea, akasema vijana wa ofisini humeza hivyohivyo hata maneno ya wakubwa wao. Mama hakumsikiliza. Nilimsihi aonje. Akakataa, akasema hajafika umri wa kuanza kudokoa. Nikamwomba walau autoe mlenda, apike mbaazi za kawaida na wali. Akauliza wageni waliomba nini. Nikasema baga. Akauliza bila mlenda itashikana kwa kitu gani. "Basi," akasema, "mdomo wako unasema jambo moja na sahani yako inasema jingine. Mimi nimefanya kazi na sahani muda mrefu kuliko na midomo."

Jumapili sikula kitu. Kanisani waliposema tuwashukuru waliotuandalia chakula, nilishika benchi la mbele.

Jumatatu mchana tuliingia mgahawani kundi zima. Mabenchi manne yalijaa watu, wengi wao wakulima wa Sigino, na wengine wakasimama mlangoni na sahani zao za wali na nyama. Wakufunzi waliwekwa meza ya mbele, na mimi, kama mwenyeji wao, nikawekwa katikati yao. Mbele yetu zikaja baga tatu. Ya tatu sikuiagiza.

Mwanamke aliuliza, kwa Kiswahili alichojifunza vizuri, imekaangiwa nini. Mama akajibu kwa fahari: alizeti. Mwanamke akaweka mikono kifuani kwa furaha, akasema tangu atoke kwao hajaona mtu aliyejisumbua hivi kwa ajili yake. Akauma.

Nilimtazama kwa makini kuliko nilivyowahi kumtazama mtu anayekula. Nje ilivunjika kwa sauti. Nyusi zikapanda. Kisha meno yakafika katikati, na nyusi zikabaki hukohuko juu. Ute ulivutika, akaukata kwa kidole, akatabasamu, akasema, "Tamu sana, Mama." Halafu mkono wake wa kushoto ukaenda polepole kwenye bilauri. Akanywa funda moja. Akauma tena, akanywa tena. Mwenzake naye alikuwa ameshafika nusu ya bilauri. Tonge, maji. Tonge, maji. Walikuwa wameigundua njia yangu bila kufundishwa.

Nami nikaanza yangu. Harufu ya kizizini haikuwepo, nakiri, lakini kwa kuondoka kwake ute ulikuwa umepata nafasi ya kujieleza.

Tulipokuwa katikati ya kazi hiyo, pikapu ilisimama nje. Ilikuwa na turubai lililokunjwa na kamba mpya. Akashuka mwanamume wa makamo, koti zito, viatu vya mvua, akasimama mlangoni akitafuta mahali pa kupitisha macho. Mama alipomwona aliweka chini sahani alizobeba.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," akasema, lakini alikuwa anatazama mabenchi. Hakukuwa na benchi ambalo angeweza kulibeba bila kwanza kuwanyanyua watu saba.

Wakulima walisogea kwa heshima, akaletwa meza ya mbele, mkufunzi wa kiume akampisha nafasi, akakaa kando yangu. Aliwasalimu wageni. Aliniuliza kwa sauti ya chini hawa ni akina nani, nikamweleza. Akauliza kama watakuja kesho. Nikasema watakuja hadi semina iishe, na kwamba ofisini wamekwishazungumza juu ya semina nyingine ya mwezi wa tisa. Hiyo pia ilikuwa kweli.

"Na wanakula hapa kwa kupenda?"

Nikatazama sahani za wakufunzi. Ya mwanamke ilikuwa imebaki na tonge moja. Alilitazama, akapumua, akalitia mdomoni, akanywa. Kisha akapangusa sosi.

"Tazama sahani, mzee wangu," nikasema.

Akazitazama. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Nje, dereva wa pikapu alikuwa ameanza kufungua turubai. Shemeji akamwashiria kwa kidole alifunge.

Mama alikuja kutoka jikoni, akainama kidogo kama inavyompasa shemeji, akamwekea sahani kwa mikono miwili. Juu yake kulikuwa na skonzi. Alisema ni chakula cha wageni wa semina, na kwamba yeye naye ni mgeni leo. Shemeji akamwambia, mbele yetu sote, kwamba mgahawa una watu. Mama hakurudi jikoni mara moja. Alibaki ameshika pazia.

Shemeji alivua kofia, akasali kwa ufupi, akaishika kwa viganja viwili. Nje ikavunjika. Nikamwona anafika katikati. Taya likasimama, macho yakanigeukia polepole, na uzi ulining'inia kutoka kidevuni hadi kwenye koti lake. Nadhani alitaka kuniuliza kitu. Lakini Mama alikuwa amesimama palepale, na yeye alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Akatafuna.

Jikoni mafuta ya alizeti yalikuwa yameanza kulia tena. Nikamsogezea jagi la maji.